Namba Themanini na Nane

Husemwa ulimi hauna mfupa.
Sawa. Lakini wetu uliutafuta
kiangazi kizima, katika bonde la Ulaan Shavar,
kusini mwa Gobi, ambako udongo ni mwekundu
kama kidonda kilichokataa kufunga
na kivuli pekee ni cha lori letu la Kirusi.

Kazi yenyewe, nikueleze bila haya:
unaokota kipande kisichozidi ukucha,
unakipangusa kwa shati, unakilamba.
Kikiteleza, ni jiwe; kitupe.
Kiking'ang'ania ulimi, kikagoma kuachia
kama mtoto siku ya kwanza ya shule,
basi huo ni mfupa, na mwenye mfupa
alikufa kabla bonde halijawa bonde.

Profesa Yondonjamts amelamba miaka thelathini.
Hulamba kwa heshima, macho kayafumba,
kama mnunuzi wa asali asiyetaka kupunjwa.
Mfupa una ladha yake, alitufundisha:
ladha ya chuma, halafu kitu kama mvua ya zamani.
Tukaandika.
Mimi ndiye niliyeandika.

Upepo ulipotufungia hemani siku mbili
tukaamua kupima. Vipande mia mbili:
mia vya mfupa, mia vya mawe,
vimeoshwa, vimekaushwa, vimetiwa namba kwa wino.
Kitambaa cheusi machoni. Maji ya kusukutua.
Na mimi pembeni na daftari langu.

Profesa alipatia mia moja sitini na moja.
Mwanafunzi wa Darkhan, mwenye mafua, mia moja arobaini.
Dereva Ganzorig alikataa katakata:
"Mimi hulamba bahasha tu, tena zenye mshahara."

Ndipo Dulamsuren, mpishi, akafuta mikono.
Huyu ndiye aliyetupikia kila alfajiri
chai ya maziwa yenye chumvi ya kumshinda ngamia.
Tulikuwa tukiinywa huku tukitazamana.
Hakuna aliyethubutu.

Akakaa. Akafungwa kitambaa.
Mfupa, akasema. Jiwe. Jiwe. Mfupa. Jiwe.
Haraka, kama anayechambua mchele
huku akiwaza mambo mengine.
Mia moja tisini na sita.

Turubai lilipigapiga. Profesa alivua miwani.
"Unasikia ladha gani?"
"Hakuna," akasema mama. "Tangu ile homa, mwaka juzi,
sionji kitu. Hata chumvi naikadiria kwa kumbukumbu."

Sote tukavitazama vikombe vyetu.

Nilikata mstari juu ya mvua ya zamani.
Ladha haikuwamo kabisa.
Mfupa hauna la kusema; una kiu tu.
Pale uboho ulipokaa, pale damu ilipopita,
pamebaki vijitundu visivyoonekana kwa macho,
vikavu miaka milioni sabini,
na ukivipa tone moja la mate
vinalivuta lote, na ulimi wako nyuma yake.
Jiwe limeshiba. Jiwe halina haja nawe.

Usiku ule nilitoka na kurunzi, nikalamba mmoja,
si kwa ajili ya daftari.
Ulininywa kidogo.
Sijawahi kuhitajiwa na kitu cha kale namna ile.

Kesho yake Profesa aliingia jikoni mwenyewe,
akaonja sufuria, akasema: punguza kijiko na nusu.
Na kazi ikagawanyika hivyo hadi tukavunja kambi:
yeye akaonja chai,
mama akalamba bonde.

Kuhusu yale makosa manne.
Matatu aliyakubali, akacheka, akalaumu meno.
La nne alibisha. Namba themanini na nane:
sisi tumeandika jiwe, yeye kasema mfupa.
Kipande kiko Ulaanbaatar, ndani ya kisanduku cha viberiti,
kinasubiri zamu yake kwenye hadubini.
Nimeshakilamba mara mbili.
Bado sijaandika kitu.