Rangi ya Mwaka Ule

Kalyowa alileta picha ndani ya bahasha ya benki,
akaiweka juu ya cherehani kama mtu anayetua yai.
"Nane," akasema. "Nane kama hizi, fundi.
Tamasha ni Jumamosi ya pili,
na safari hii mavazi yana alama zake.
Watakagua mpaka vifungo."

Wasichana wanane, Oktoba, mwaka wa bendera mpya.
Mikono juu, viuno vimegandia katikati ya bakisimba,
mabega ya gomesi yamesimama
kama masikio ya mbuzi aliyesikia kisu kikinolewa.
Nikapima kwa rula na kioo cha kukuzia:
shingo ya mraba, vifungo viwili kushoto,
mshipi umefungwa chini kuliko tufungavyo leo,
ncha zake zinagusa magoti.
Hayo yote yanahesabika.
Rangi, jamani. Rangi ndiyo iliyonitoa jasho.
Picha ni kijivu, na kijivu,
na kijivu kingine kilichokolea kidogo.

Nyendo nzima niligeuza majora.
Kila mwenye duka aliijua rangi ya mwaka ule,
na kila mmoja, ajabu,
alikuwa nayo palepale nyuma yake.

Basi nikapanda Kimaanya kwa Jajja Restituta,
wa tatu kutoka kushoto.
Akaishika picha mbali, akaisogeza karibu, akairudisha mbali.
"Ile haikuwa yangu," akasema.
"Ya dada yangu Veneranda. Niliichukua akiwa zahanati.
Bega likachanika nikipanda lori,
nikalibana kwa kikwasi, hapa,
na kila nikizungusha kiuno kikanichoma.
Unaona nilivyokenua meno?
Watu husema ni furaha ya uhuru."

Na rangi, Jajja?

"Sikuitazama, mwanangu. Nilikuwa nimeivaa.
Wa kuulizwa ni aliyenitazama,
naye tumemzika Pasaka."

Nilishuka kwa miguu.
Njiani buni zilikuwa zimeanikwa kwenye maturubai,
nyekundu zinazoelekea weusi,
nikasema, liwalo na liwe, hii.
Mita sita kila gomesi, kikoi ndani isije ikanata mapajani,
siku tisa, taa ikizimika nashona kwa tochi ya simu
huku Nakitto, mwanafunzi wangu, akinishikia na kusinzia,
mwanga ukianguka pole pole kutoka sindanoni hadi sakafuni.

Ya nane ilipoisha nikairudia ya tatu.
Nikachukua mkasi,
nikalifungua bega nililolishona mwenyewe,
vidole vitatu, kama pichani.
Nakitto akazinduka: "Fundi, umelewa?"
Sikulewa. Miaka ishirini na sita
nalipwa ili mchaniko usionekane;
siku ile niliupima,
nikautoboa kwa kikwasi cha shilingi mia mbili,
na mkono wangu, nisiufiche ukweli, ulikataa mara mbili.

Jumamosi ngoma zikaita.
Mabega kumi na sita yakaingia uwanjani,
moja likimeta chuma kidogo juani.
Mwamuzi mwenye miwani akainama, akaandika,
na jioni karatasi ikasomwa kwa kipaza sauti:
Gomesi ya tatu, uzembe. Alama mbili zitolewe.
Tukawa wa nne.
Kalyowa hakunisemesha, na elfu themanini zangu
bado anazo mpaka leo.

Lakini nilikuwa nimemwona Jajja Restituta
kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya hema la wageni,
msichana wa tatu alipozungusha kiuno:
mkono wake ulipanda begani wenyewe,
kama wa mtu aliyeumwa na siafu,
na meno yaliyobaki yakatoka yote.

Tulipokuwa tunatoka alinivuta shati.
"Fundi," akasema, "bega umeliweza.
Ila rangi,
rangi haikuwa hiyo kabisa."