Kiti Nisichokikalia

Kiti kilikuja kwa boti kutoka Tanga,
kimeviringishwa magunia, kina mkono wa kupandishia
na mto mwekundu wa kuegemeza kisogo.
Nilikilipa kwa msimu mzima wa karafuu.
Miaka kumi na tisa sasa, hapa Limbani, Wete,
wamekikalia masheha, wanafunzi, mabwana harusi wasiohesabika,
na mtoto wa Asaa aliyekikojolea.
Mimi bado.

Kinyozi ni mtu wa kuzunguka.
Mteja anasinzia, mie nazunguka,
anahadithia kesi ya shamba la babu yake, mie nazunguka,
ngamia wa kinu cha ufuta,
ila ngamia hufungwa macho
asijue amekwenda mbali kiasi gani pasi na kufika.

Mguu hauna mdomo. Hulalamika kwa kiuno.
Mwanzo sikuuelewa. Nikasugua mgongo,
nikameza vidonge, nikalaumu godoro,
hadi Faki Shaame wa chapati, ng'ambo ya barabara,
aliyesimama mbele ya moto tangu mie sijaota ndevu,
akaja kunyolewa, akanitazama chini:
"Weye, wasimama juu ya saruji na ndara za chooni?
Hata mbuzi huchagua pa kukanyaga."

Alinipa elimu yake povu li mashavuni.
Kiatu kinunuliwe alasiri;
asubuhi mguu ni mwongo, hujifanya mdogo.
Kidole gumba kipate pa kupumulia.
Tafuta tofali, weka mguu mmoja juu yake,
ukichoka badilisha, kama walinzi wa zamu.
Na usikaze magoti.
Askari wa gwaride huanguka hivyo hivyo.

Nikakata kipande cha godoro lile nililolilaumu,
nikakivika gunia, nikakitandika nyuma ya kiti.
Wateja wakacheka: kinyozi kajitandikia zulia!
Wacheke.
Jioni ile nilipanda ngazi za nyumbani
bila kushika ukuta.

Na dawa nyengine nilikuwa nayo siku zote,
naipita kwa haraka ya kurudi kazini:
adhuhuri, bomba la msikitini,
mguu wa kulia, kisha wa kushoto,
kidole kidogo kikipita baina ya vidole
kama mtu afunguaye madirisha ya nyumba yenye joto.
Thawabu anazijua Mwenyewe.
Mie naijua ile baridi.

Usiku, beseni. Maji ya vuguvugu, chumvi ya mawe,
matone mawili ya mafuta ya karafuu.
Mize huliweka mbele yangu bila neno.
Naye? Naye hufundisha watoto themanini na wawili,
chaki mkononi, na darasani hamna kiti,
maana kile kimoja kilivunjika mwezi wa Rajabu.
Miaka yote hiyo maji yalikuwa yangu,
yeye kazi yake kuyapasha na kuyamwaga.

Usiku mmoja alipogeuka na beseni
nikaviona visigino vyake:
nyufa, kama bonde la mpunga lililokosa mvua.
Nikaona haya.
Mie ninayejua kichwa cha kila mtu mji huu,
nani ana kovu, nani anaficha mvi,
sikuwahi kutazama chini nyumbani kwangu.

Alkhamisi, baada ya mteja wa mwisho,
nikamwita dukani, nikateremsha pazia.
Nikamkalisha, nikavuta mkono,
akapanda juu taratibu, kashika buibui lake,
akicheka kama mwari.
Nikajaza beseni.
Mie nikakaa juu ya tofali.

Akafumba macho kitambo.
"Kumbe laini hivi," akasema, "na hukunambia?"
"Ningejuaje," nikamjibu.