Bei Saba

Bwana Hirani, sikuja kulia shida.
Kodi ya Mikindani imepanda, ndiyo,
na maji ya mkokoteni yanakimbizana na maziwa kwa bei,
lakini hayo nimeyaacha nje mlangoni
pamoja na mwavuli.
Nimekuja na karatasi.

Wewe ndiwe uliyenifunza.
Mwaka wangu wa kwanza hapa Shimanzi
nilinunua wino wa printa duka la kwanza nililoliona,
ukanirudisha juani na risiti mkononi:
“Mejumaa, leta bei tatu. Hata pini
hainunuliwi hapa bila bei tatu.”
Tangu siku ile majani ya chai, matairi ya pikapu,
hata rangi ya ukuta huo unaobanduka nyuma yako
vimepita kwenye bei tatu.
Kitu kimoja tu katika ofisi hii
hakijawahi kuulizwa bei sokoni.
Kimekaa mbele yako.

Basi nikauliza.

Si kazi rahisi. Katika mji huu
mtu atakwambia maradhi ya mkwewe,
talaka ya dadake na sababu zake zote,
ila mshahara huufunika
kama bakuli la nyama paka akipita.
Mghoi aliniandikia kiganjani kwa kalamu ya bluu,
akasema, osha kabla hujafika kivukoni.
Mmoja alidanganya. Nilijua, alijibu upesi mno.
Mmoja alikataa katakata,
kisha saa nne usiku akatuma ujumbe:
tarakimu tano, bila salamu.

Nikayaandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu.
Nikamtoa wa juu kabisa, ana mjomba bandarini.
Nikamtoa wa chini, kazini ana miezi miwili.
Waliobaki nikawapanga foleni
nikamtazama aliyesimama katikati.
Elfu sitini na moja.
Mimi, thelathini na nane.

Na huyo wa katikati ni Kitsao.
Kitsao niliyemfunza mimi, kwenye meza hii hii,
aliyekuwa akiandika uzito wa kontena
mahali pa tarehe.

(Jina lake sitalitaja. Kwenye karatasi
wote ni A, Be, Che.)

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema.
Miaka tisa nimeinama.
Mvungu nimeufagia, nimeupiga deki.
Kilichoko kiko juu ya meza.

*

Haya yote niliyapanga ngazini,
ghorofa ya kwanza mpaka ya nne,
maana lifti imekufa tangu Ramadhani.
Nilipofika, pumzi ilikuwa imebaki ya tatu.

Nikasema tu: “Nimeleta bei saba.”

Akavaa miwani.
Kiyoyozi kilidondoka ndooni, tone, tone.
“Nani hawa?”
“Soko.”

Akachukua penseli, mazoea ya miaka thelathini
ya kutoamini jumla ya mtu mwingine,
akashuka nayo mstari kwa mstari,
midomo ikihesabu.
Kwenye Che akasimama.
“Hapa umekosea. Huyu umemsahau posho ya nyumba.
Na huyu pia. Katikati yako iko chini,
ilipaswa kuwa sitini na…”

Penseli ikaganda hewani.

Tulitazamana.
Huko nje lori lilikuwa likirudi kinyumenyume,
likilia kama kifaranga.
Nikauma shavu kwa ndani nisicheke,
kwa kuwa mtu akikupandishia bei mwenyewe
adabu ni kunyamaza.

Akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akaivaa tena, ikiwa chafu kuliko mwanzo.
“Niachie hii,” akasema. “Niipitie mpaka Alhamisi.”

“Hiyo ni nakala,” nikamwambia.
“Kaa nayo.”

Nikateremka ngazi,
kiganja bado kina bluu.