Milimita Kumi na Mbili

Swansea, mwezi wa pili. Mvua inanyesha kwa ubavu.
Naning'inia kwenye jukwaa la kamba, ghorofa ya tisa,
nyundo ndogo mkononi, nagonga tofali moja moja.
Yaliyo mazima hulia kama kikombe.
Yaliyoachana na ukuta hunijibu: bo.

Bi Prosser amefungua dirisha nusu;
nusu ya pili imegoma tangu Krismasi.
"Jengo linanenepa au linakonda?"
Yote mawili, namwambia,
na ugomvi ndio huo.

Zege huanza maisha likiwa limelowa.
Hukauka, hubeba watu, makabati,
piano ya yule bwana wa kumi na moja,
na mwaka hata mwaka hufupika,
kama Baba alivyofupika ndani ya koti lake.
Tofali hutoka tanurini na kiu.
Hunywa ukungu wa bahari, hukua,
si sana, unene wa ukucha kwa ghorofa,
ila moja linashuka, jingine linapanda,
na yamefungwa pingu moja.

Mchoro wa mwaka sitini na saba ulijua.
Chini ya kila mkanda wa chuma, kwa penseli:
acha wazi, milimita kumi na mbili,
jaza kitu laini.

Upande huu aliujenga Baba.
Emrys Rhydderch hakupata usingizi akiacha tundu;
kwake mwanya ulikuwa aibu ya mwashi.
Akashindilia saruji, akapitisha mwiko,
akarudi nyuma hatua tatu, akawasha sigara,
akautazama mstari wake ulionyooka.

Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajaning'inia hapa.
Huyu aliziba. Na ukuta, miaka hamsini,
umebana pumzi, umetunisha kifua,
umetema vigae kwenye maegesho,
kimoja juu ya gari la mchungaji.

Nawasha msumeno. Vumbi jekundu,
kisha vumbi la kijivu: lake.
Nusu ya njia meno yananaswa,
ukuta unayauma, hauyaachii.
Nachomoa, naanza tena, kidogo kidogo,
kama mtu anayefungua vifungo vya mgonjwa.

Nilikata kumi na mbili, nikapima mara mbili.
Nikanywa chai.
Niliporudi ilikuwa tisa.

"Nani aliyeziba hapo?" anauliza Bi Prosser,
bado anahangaika na dirisha lake.

Fundi hodari, nasema,
naifuta rula kwa kiganja.