Juzuu ya Pili

Kitabu chetu cha tandu ni kopi ya kopi,
kimetolewa mjini kwa mashine iliyoishiwa wino;
mchoro wa ukurasa wa tisa
umekuwa doa tu, doa lenye sharubu.
Ni cha Kijerumani. Lakini kati ya mistari,
kwa penseli iliyochongwa kwa wembe,
marehemu Ntahondi ametia Kiswahili chake:
"Kichwa bapa. Mgongo kama mkanda wa begi.
Huyu hakimbii, huyu anakukimbiza."

Miaka kumi na minane alipindua magogo ya michikichi
kutoka Mwandiga hadi Simbo,
akatia kila kitu kwenye spiriti:
jongoo, nyungunyungu, visivyo na jina,
vile vyeupe vinavyoruka ukivipulizia.
Sokoni walimwita daktari wa wadudu.
Aliitika.

Leo nimeshika ufunguo wa kitabu, naufuata.
Jozi kumi na tano za miguu: nenda mbili.
Ishirini na moja au zaidi: nenda sita.
Sita inanituma kwenye macho.
Manne kila upande, vichwa vya pini.
Nenda kumi na moja.
Kumi na moja: miiba ya mguu wa mwisho,
tazama juzuu ya pili.

Juzuu ya pili haijashuka Kigoma kwa treni yoyote.
Pembeni, penseli: "Nimeandika barua. 1994."
Chini yake: "Nimeandika tena."
Chini yake hakuna neno,
ila duara la kikombe cha chai.

Chupa ya mwisho aliyoifunga ni ya 212.
"Mwandiga, chini ya gogo, mvua ya kwanza.
Jozi 20?"
Ile alama ya kuuliza ameikoleza mara mbili,
maana ni yeye aliyeandika kwenye jalada:
"Tandu ni witiri. Ukipata shufwa
umekosea wewe, si Mungu. Anza upya."

Nimeanza upya. Ishirini.
Nimesogeza taa, nimefuta miwani. Ishirini.
Yoramu, mtoto wa jirani, aliyekuja kuuliza
kama tandu wake wa kwenye mkebe wa siagi ana bei,
akaegemea meza, akachungulia:
"Mbona hapa hana?"

Pingili ya kumi na tatu.
Vishimo viwili, mahali miguu iling'oka
kabla ya spiriti, labda kabla ya gogo,
katika ugomvi ambao hakuna kitabu kitakachousimulia.
Pengo nalo lina namba yake.

Nikachonga penseli.
Alama ya kuuliza sikuifuta; ni yake.
Kando, kwa herufi ndogo, nikaandika: "21.
Ameona Yoramu."
Tandu wa mkebe nikamnunua kwa shilingi mia mbili,
bei ya kunyonywa, na bado ni mzima, ananuna.

Halafu nikavuta karatasi
nikaanza barua ya tatu.