Ubavu wa Kushoto

Mvua imeingia siku ya nane.
Nepi za Gwamaka zimening'inia juu ya jiko
zikinuka moshi,
hazikauki, zimekata tamaa tu.
Nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi kwa kupapasa,
maana tumbo limeziba sufuria,
limeziba magoti, limeziba hata miguu
ambayo habari zake naletewa na Tumpale:
"Mama, vidole vyako vimekuwa viazi."
"Viazi vya wapi?"
"Vya Isyonje. Vile vikubwa."

Jana kliniki nesi aliuminya huo mguu,
shimo likabaki, kama kuku kakanyaga tope.
Akanifunga mkono kwa kile kitambaa kinachobana,
akasoma, akanyamaza, akasoma tena.
"Presha inapanda. Pumzika. Lalia ubavu wa kushoto.
Hesabu mateke. Kichwa kikiuma, ukiona nyota machoni,
usingoje kukuche.
Na usinyanyue kitu chochote kizito."
Nikaitikia, ndiyo, nesi,
na kitu chenyewe kizito, cha kilo kumi na tatu,
kilikuwa kimelala mgongoni mwangu
kikinilowesha khanga kwa mate.

Ubavu wa kushoto ndiko anakolala Gwamaka.
Namsogeza, anarudi. Namsogeza, anarudi.
Kiungulia kinapanda kama maziwa yaliyosahauliwa motoni.
Mara ya tano naenda chooni,
mwavuli mkono huu, tochi ya simu mkono huu,
na mkono wa tatu, wa kushikia ukuta,
sikupewa.

Baba yao yuko Chunya, anafukuzia dhahabu.
Jumapili hupiga: "Mnaendeleaje?"
Nasema, salama.
Neno hilo nimelianua likiwa bichi.

Na juzi, niseme tu,
Tumpale alimwaga uji nikamfokea
kwa sauti ambayo sikujua ninayo.
Hata kuku walitoka jikoni.
Alichukua kitambaa akapangusa sakafu,
akapangusa na mahali ambapo uji haukufika.

Leo mchana nikatandika mkeka.
Sikuwaambia nimechoka;
watoto wakilisikia neno hilo wanakupandia.
Niliwaambia: mama amekuwa mlima.
"Mlima gani?"
Rungwe.
Mlima hauchoti maji. Mlima haufungi vifungo.
Mlima hauulizwi kijiko kiko wapi.

Tumpale alilipima jambo hilo kama mwenyekiti wa kitongoji,
kisha akaleta lori lake,
boksi la majani ya chai, magurudumu ya visoda,
akalipakia maharage kumi na manne
na kulipandisha taratibu kutoka nyongani,
Gwamaka utingo, honi midomoni.
Kitovu kikawa mizani. Wakasimama, wakalipa ushuru.
Kwenye mbavu wakasema kuna ukungu, wawashe taa.

Nikafumba macho.
Dakika sita. Labda saba.
Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo tangu alfajiri
na hesabu ilikuwa imekwama kwenye mbili.

Ndipo huyu wa ndani akaamka,
akaweka kisigino ukutani, akasukuma.
Lori likapinduka.
Maharage yakakimbilia chini ya kabati.

Wakatulia wote wawili.
Mvua peke yake ndiyo iliendelea na bati lake.
Tumpale akaweka kiganja chenye tope, cha baridi,
pale pale ajali ilipotokea,
akangoja, akasukumwa tena.
"Huu mlima," akasema polepole, "una mtu."

Tatu, nne, nikahesabu. Tano.
Nilicheka hadi machozi yakaingia sikioni,
la kushoto, kama nilivyoagizwa.

Wakaenda kuokota mzigo wao bila kuambiwa,
matumbo sakafuni, mikono chini ya kabati,
wakihesabu kwa sauti, moja, mbili,
wakirudia saba mara mbili, wakibishana,
hadi wakafika kumi na tatu
na Gwamaka akawa anatafuna kitu.

Mlima ukainuka.