Kuchoma Ncha

Miaka minne moyo wangu ulishona vibaya:
mishono mitatu, ukaruka, miwili, ukakimbia,
kama cherehani ya marehemu shangazi
asubuhi za Juni hapa Njombe
mafuta yakiwa yameganda.
Chai nyingi hiyo, alisema mke wangu Tulinave.
Jirani alisema mengine, hayaandikiki.
Mimi nilikuwa naweka vidole shingoni, nahesabu,
napotewa na hesabu.

Wakanipeleka Dar. Daktari, kijana wa sauti ya chini:
"Tutapitia kinena, kwa mrija mwembamba,
tupande na mshipa mpaka chumba cha juu cha moyo,
tupachome panaporusha cheche."

Kama ncha ya tetroni? nikamuuliza.
Hakuelewa. Nikamwonyesha kwa vidole:
ukikata, kitambaa kinafumuka,
unawasha kiberiti, unagusa tu,
ncha inajikunja, inatulia.
Akacheka. "Ndiyo. Ila mimi kitambaa sikioni,
nakiona kwenye skrini."

Kovu la kinena ni dogo kuliko tundu la kifungo.
Miezi mitatu, walisema, usiuhukumu moyo.

Jana usiku uliruka. Mara mbili.
Nikasimamisha mguu kwenye kanyagio,
sketi ya shule ya binti wa Mlelwa
imenasa nusu chini ya sindano,
nje ukungu umeimeza misindano yote ya mlimani.
Nikangoja.
Tulinave akauliza kutoka jikoni, mbona kimya?

Uzi, nikasema. Uzi ulikatika.

Nikakanyaga. Mshono mmoja.
Halafu mwingine.